Nionyeshe Ulikopita

Songea, Jumapili jioni

Mwanangu Kalista,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukitoka na baba yako kwenda kuagwa na jumuiya, umevaa sweta yangu na hujaomba. Hali yako naijua. Ya kwangu ndiyo hii: nimekaa jikoni, maji ya ugali yako motoni, na nahangaika utafikiri ni mimi ninayepanda basi la Iringa kesho alfajiri kwenda kidato cha tano.

Mambo ya ndoo, kwanja la kufyekea, rimu na shuka tumeshayamaliza, siyarudii. Ukisahau kitu utaazima, na wewe utaazimwa, nasikia ndivyo bweni linavyokwenda. Nataka tuzungumze lile la jana, uliloniuliza tukiwa tumelikalia tranka wote wawili ili lifunge.

Ulisema, "Mama, nikifika nitaomba wanibadilishie kombi. Naacha PCM na hesabu zake, naenda kwenye Historia."

Nikakuuliza kwa nini. Ukasema wenzako wanatoka shule kubwa, wanaongea hesabu kama wanaongea habari za sokoni. Halafu ukasema lile lililonichoma: "Na huko nani atanisikiliza nikisoma hatua za hesabu? Hapa nilikuwa na wewe. Peke yangu siwezi." Ukanigeukia. "Wewe unasemaje, mama?"

Nikajifanya natafuta kufuli. Najua uliniona, kwa sababu kufuli nilikuwa nimelishika mkononi.

Sikunyamaza kwa kukosa neno. Mimi na kukosa neno wapi na wapi? Nilinyamaza kwa sababu niliwahi kukujibu haraka haraka kwenye jambo hilihili, na jibu lile nililijutia. Ulikuwa kidato cha kwanza, umeleta karatasi ya Hisabati ina alama ambazo hata mwalimu aliziandika kidogokidogo, kama anaona haya. Ulikuwa unalia. Mimi nikakukumbatia nikasema, "Nyamaza mwanangu, hesabu si za ukoo wetu. Hata mimi zilinikataa, na mbona naishi?" Nikakukaangia mayai mawili. Ukanyamaza kweli, ukala, ukalala.

Nilijiona mama bora siku hiyo. Kumbe nilikuwa nimekufungia mlango kwa nje, nikakupa mayai. Maana kuanzia hapo kila hesabu ikiwa ngumu kidogo tu ulikuwa unasema, "Si za ukoo wetu," kwa sauti yangu ileile, mpaka na mkono unaupungia kama mimi. Na ukweli wenyewe ni huu: hesabu hazijawahi kunikataa. Niliishia darasa la nne kwa sababu mdogo wangu alizaliwa na hapakuwa na wa kumbeba. Hatukuachana kwa ugomvi, mimi na hesabu. Tulipotezana tu.

Kwa hiyo jana niliogopa nisije nikakukaangia mayai mengine.

Sasa ngoja nikukumbushe tulivyoanza, maana wewe husimulia kwamba mama ndiye aliyekufundisha. Watu wanacheka, na wana haki ya kucheka. Aliyetuanzisha ni hasira yangu.

Kidato cha pili, siku ile ya swali la 3x + 7 = 22. Ulikuja na karatasi, jibu umeandika x = 5, na mwalimu naye kaandika pembeni x = 5, halafu alama hamna. Kaandika 1 tu, tena yenye mkia wa kukasirika. Mimi nikasema hapana. Mtoto ambaye hesabu zimemkimbia siku zote, leo kaishika moja kwa mkia, halafu anyang'anywe? Nikavaa kitenge cha Pasaka, nikapanda bodaboda mpaka shuleni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee mwenye miwani. Nikakutana na kijana, Mwalimu Masanja, katoka huko Usukuma, shati limemzidi mabega.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lakini sikuja kwa salamu. Jibu la mwanangu ni ngapi?"

"Tano."

"Na la kwako?"

"Tano."

"Sasa hizo alama amekula nani?"

Walimu wenzake wakaangua kicheko, mmoja akaweka chini kikombe cha chai ili asikilize vizuri. Mwalimu Masanja hakukasirika. Akasema, "Mama, angalia karatasi. Juu kuna swali, chini kuna tano. Katikati hakuna kitu. Hii tano imeanguka kutoka mbinguni."

"Hata kama imeanguka mbinguni, si imeangukia kwenye karatasi yake?"

Hapo hata yeye alicheka. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau. "Mama, nenda na swali hili nyumbani. Mwambie akueleze wewe alikopita. Siku wewe utakapoelewa kila hatua, mje wote wawili, nitampa alama zake."

Nikarudi nimevimba kwa ushindi. Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Nikakukalisha kwenye kigoda, mimi nina gunia langu la mahindi napukuchua, nikasema haya, nieleze.

Ukasema, "Tatu x jumlisha saba sawasawa na ishirini na mbili. Saba inavuka inakwenda upande wa pili, inabadilika inakuwa kutoa."

"Inavuka nini?"

"Inavuka sawasawa."

"Na kwa nini ikivuka inabadilika?"

"Ndiyo sheria, mama."

"Nani kaiweka?"

"Mama!"

"Mimi nauliza tu. Nikivuka Ruvuma nikaenda Msumbiji, nageuka kuwa mwanaume?"

Ulinuna, lakini mdomo ulikuwa unacheka pembeni. Ndipo ukaniambia ukweli, kwamba ulijaribu moja, ukajaribu mbili, ukaenda hivyo hivyo mpaka tano ikakubali. Ile sheria ya kuvuka uliikariri kwa Kiingereza kama sala ambayo hujui inaomba nini. Ulipotakiwa kuisema kwa Kiswahili, tena kwa mtu asiyejua kitu, ikabaki mifupa.

Siku zile tulizunguka sana na hiyo saba. Wewe ndiye uliyeitatua, siyo mimi, nataka ulikumbuke hilo. Ulikuwa unaosha vyombo ukarudi mbio, mikono ina povu. "Mama, hakuna kinachovuka! Pande mbili ziko sawa. Nikitoa saba huku, lazima nitoe saba na kule, la sivyo haziko sawa tena. Huku inabaki tatu x, kule inabaki kumi na tano."

"Na hiyo x ni nani?"

"Ni namba ambayo hatujaambiwa. Ziko tatu zinazofanana, zote pamoja ni kumi na tano. Nagawa kwa tatu pande zote, moja ni tano."

Nikaelewa! Kalista, mimi nilielewa. Nilisimama na punje zote zikamwagika, kuku wakadhani ni sikukuu. Kesho yake tulikwenda kwa Mwalimu Masanja, na mimi ndiye niliyeeleza, mbele ya walimu wote, na nilipofika kwenye kutoa saba pande zote nikainua kidole juu kama katekista. Alama hakukupa, alisema ripoti zimeshapelekwa, tapeli yule. Akakupa chaki boksi zima na kukuambia uandike kwenye mlango wa jikoni. Mpaka leo mlango ule hauonekani rangi yake.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi napukuchua, wewe unaandika mlangoni na kusema. Hatukuwahi kupanga, lakini ulikuja kujua kwamba nikiacha kupukuchua nimepotea. Mahindi yakinyamaza, unarudi hatua moja. Wakati mwingine uligeuka ukiwa umekasirika, "Mama, hapa mbona ni rahisi!" halafu unafungua mdomo uieleze, na wewe mwenyewe unakuta shimo. Shimo hukuliona ulipokuwa unaruka juu yake.

Lakini usije ukafika huko ukawaambia watu kwamba mama yako hakosei. Wasimulie na habari ya mabua.

Uliandika siku hiyo kwamba a jumlisha b, kwenye mabano, kipeo cha pili, ni a kipeo cha pili jumlisha b kipeo cha pili. Mimi nikaendelea kupukuchua kwa raha zangu. Niliona ni haki kabisa: walikuwa wawili ndani ya mabano, kila mmoja katoka na mraba wake, hakuna aliyeonewa. Nikakusifu hata. Nikasema, "Hii ndiyo nzuri kuliko zote." Kesho yake ikarudi ina mstari mwekundu toka kona hadi kona. Wewe ukaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Hapo nikakuambia twende uani tuilime. Si unajua kwetu Umatengoni tunavyolima ngolo milimani: unafyeka majani, unayaacha yakauke, unayapanga kwa mistari mpaka shamba linakuwa miraba miraba kama dirisha la nondo, ndipo unachimba katikati na kuyafunika majani kwa udongo. Toka nikiwa na umri wako mikono yangu imepanga miraba. Basi tukachukua mabua. Tukasema a ni hatua tatu, b ni hatua mbili. Upande mmoja wa shamba hatua tano, upande wa pili tano. Tukapanga mraba mkubwa. Ndani yake kona moja tukapanga mraba wa a, tatu kwa tatu. Kona inayoutazama tukapanga wa b, mbili kwa mbili. Tukasimama tukaangalia. Nikasema, "Si ndiyo hiyo? Mwalimu kakosea."

Baba yako akaingia na baiskeli. Akaangalia, akaiegemeza ukutani, akaenda akasimama pale palipobaki wazi. "Na hapa mmemwachia nani?" Akaruka akasimama upande mwingine. "Na hapa?"

Ukapiga kelele. "Mama! Ni vipande viwili! Kila kimoja ni a mara b!"

"Ya nani?" baba yako akauliza.

"Ya wote wawili, baba."

"Basi iandikeni haraka, kabla jirani hajalima."

Ukahesabu: tisa, na nne, na sita, na sita nyingine, ishirini na tano. Tano mara tano ishirini na tano. Sisi tulikuwa na kumi na tatu, karibu nusu ya shamba tumeitupa, na mimi nilikuwa nimeshasema mwalimu kakosea. Baba yako mpaka leo nikimgawia mboga kidogo anauliza, "Na ile a mara b yangu iko wapi?"

Nimeifikiria sana siku ile. Siku nyingine zote nilikuuliza kwa nini pale ambapo sikuelewa. Siku ile sikuuliza kwa sababu nilipenda. Ilikaa vizuri machoni. Na nimeona katika maisha yangu, siyo kwenye hesabu tu, mambo niliyoyakubali kwa sababu yamekaa vizuri ndiyo yaliyonigharimu kuliko yale yaliyonitisha. "Hesabu si za ukoo wetu," nayo ilikaa vizuri. Inabembeleza. Mtu anaweza kulala usingizi ndani yake.

Na jana uliposema "peke yangu siwezi," ikanijia hivyo hivyo. Nami nilitaka kuikubali, nisiseme uongo. Mama gani hapendi kusikia kwamba bila yeye mtoto hawezi? Ni tamu mno. Ndiyo maana nikajifanya natafuta kufuli.

Sasa nikuambie kilichotokea leo mchana, maana hata baba yako hajui. Ulipokwenda kumuaga mama yako wa ubatizo, nilikuwa nafagia chumba chako nikakuta kile kitabu cha kidato cha pili ulichosema nimpe mtoto wa jirani. Nikafungua. Maneno ni ya Kiingereza, hayo sisomi. Lakini palikuwa na mchoro wa pembetatu, juu pameandikwa 40, na zile pembe mbili za chini zote zimeandikwa x. Nikasema huyu x namfahamu.

Nikachukua chaki nikaenda mlangoni. Nikaandika hivi:

x + x + 40 = 180

Kwa nini 180? Kwa sababu ulichana ile karatasi ya kalenda ya mwaka juzi, ukakata pembetatu, ukanyofoa kona tatu ukaziweka pamoja, zikalala sawasawa kama rula, na mstari ulionyooka ni nyuzi 180. Nikaandika tena:

2x + 40 = 180
2x = 220
x = 110

Nikafurahi nikapiga na vigelegele. Halafu nikasema ngoja niichore nimwonyeshe Kalista. Nikachora mstari wa chini, nikaweka pembe ya 110 kushoto, na ya 110 kulia. Mwanangu, kuta zikawa zinakimbiana! Moja inaelekea Mbinga, nyingine inaelekea Tunduru, hazikutani mpaka kesho. Nyumba gani hiyo isiyofunga paa?

Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nikajisemesha kwa sauti, "Emiliana, hiyo arobaini umeipeleka wapi?" Nikajijibu, "Nimeivusha." "Imevukaje?" Nikacheka peke yangu jikoni mpaka jirani akaniita kupitia ukutani, "Mama Kalista, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, nimejikamata. Nikafuta, nikaandika upya: natoa arobaini huku, natoa arobaini na kule.

2x = 140
x = 70

Sabini, na sabini, na arobaini. Nikazijumlisha, zikawa mia na themanini. Nikachora tena. Paa likafunga.

Sasa Kalista, hukuwepo. Hakuna aliyenisikiliza isipokuwa kuku na jirani mbea. Mimi wa darasa la nne nimekosea peke yangu, nikajiuliza peke yangu, nikajisahihisha peke yangu. Lile sikio unalosema utaliacha Songea, nimelikuta ndani ya kichwa changu, na lina sauti yako. Ulivyokuwa unanijibu siku zote, ndivyo nami nilivyojijibu. Basi na wewe nenda kaangalie ndani ya kichwa chako. Ukikuta kuna mwanamke mkali anauliza "kwa nini?" na mikono imejaa pumba za mahindi, usimfukuze, ni mimi.

Kwa hiyo jibu la swali lako. Sitakuchagulia kombi. Historia ni kitu kizuri. Ukienda huko kwa sababu unaipenda, nitajifunza Historia, utanieleza vita na wafalme na nitakuuliza kwa nini mpaka uwaonee huruma. Nitanuna kidogo kwa ajili ya x, lakini nitapona. Ila ukienda kwa sababu unaamini peke yako huwezi, hapo ninayo haki ya kusema, kwa sababu neno hilo la "huwezi" mimi ndiye niliyekupa, siku ya mayai. Nilikosea. Nalitoa upande wangu leo, nawe litoe upande wako.

Naogopa, nisikudanganye. Naogopa baridi ya Iringa, naogopa basi, naogopa kwamba utarudi unaongea hesabu ambazo sitaweza hata kuzishika pindo. Lakini chini ya woga huo nina furaha ambayo leo imenifanya nifagie uwanja mara mbili.

Simu najua hawaruhusu, kwa hiyo utaandika. Nina ombi moja. Usiniandikie swali uliloliweza, hilo lishangilie mwenyewe. Niandikie lililokushinda, liwe la Hisabati au la hiyo Historia, kwa Kiswahili, na hatua zako zote mpaka pale ulipokwama. Mimi nitakaa na gunia langu nilisome swali lako kwa sauti, polepole. Pale nitakapoacha kuelewa nitapiga mstari, halafu nitakurudishia. Usishangae ukikuta mstari hauko pale ulipokwama wewe. Mara nyingi utakuwa hatua moja mbili juu ya hapo.

Mama yako,
Emiliana